Bao la Barazani na Bao la Darasani

Waalimu wa Kiswahili tulio mbali na mwambao tuna desturi ya kukieleza kila kitu cha Waswahili kwa kifungu kifupi cha ufahamu. Kuna kifungu cha kanga, kifungu cha jahazi, kifungu cha pilau, na aghalabu hakikosekani kifungu cha bao. Mimi nami nimo katika desturi hiyo. Kwa muda wa miaka kumi na mitatu nimewasomesha wanafunzi wangu mjini Kampala kifungu cha bao nilichokitunga mwenyewe, na hapana mkaguzi wala mwanafunzi aliyepata kukilalamikia. Kinasema kwamba bao ni mchezo wa jadi wa Waswahili. Kwamba huchezwa na watu wawili. Kwamba ubao wake una mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane. Kwamba mbegu zake ni 64. Na kwamba mshindi ni yule azimalizaye mbegu za mwenzake. Baada ya hapo hufuata maswali matano. Bao lina mashimo mangapi? Huchezwa na watu wangapi? Na kadhalika.

Katika makala haya nakusudia kukihakiki kifungu hicho kama ambavyo ningehakiki kazi ya mtu mwingine, kwa kukilinganisha na alasiri moja niliyoketi barazani Unguja pamoja na rafiki zangu wawili. Naomba wasomaji wasidhani kwamba nataka kusifu mambo ya kale kwa kuwa ni ya kale. Hoja yangu ni nyembamba zaidi. Kifungu changu kina kosa moja tu la kanuni, nami nitalitaja mahali pake. Lakini kimeliondoa jambo lile lile linalomhusu mwalimu wa lugha, yaani maneno. Nimewafundisha vijana bao lisilosema, kisha nikashangaa kwa nini Kiswahili chao nacho hakisemi.

Alasiri yenyewe

Tulikuwa watatu: mimi, mwalimu mwenzangu wa Kampala, na dada mmoja afundishaye Bujumbura, mzaliwa wa Buyenzi, mtaa ambao kwa watu wengi Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Tulikwenda Unguja wakati wa likizo. Vibaraza vya Mji Mkongwe ni vingi, na mahali panapojulikana zaidi na wageni ni Jaws Corner, njia panda ambapo watu hukutana kunywa kahawa, kucheza dhumna, karata na bao, na kuzungumza siasa. Sisi hatukuketi pale. Mwenyeji wetu alitupeleka kwenye baraza moja ndogo katika uchochoro wa jirani, baada ya sala ya alasiri, wakati jua lilipokwisha kuhama ukuta mmoja na kwenda ukuta wa pili.

Muuza kahawa alikuwa na dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo katika ndoo ya maji, na sahani ya kashata. Ubao ulikuwa wa mti mzito, umeng'aa kwa mikono ya watu, na mashimo yake mawili, moja kwa kila upande, yalichongwa kwa umbo la mraba. Kete zilikuwa komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mti wa mkomwe. Wachezaji walikuwa mzee mmoja ambaye kila mtu alimwita Fundi, na seremala wa makamo. Watazamaji hawakupungua saba. Hakuna aliyetueleza lolote. Tulipishwa nafasi, tukaletewa kahawa, na mchezo ukaendelea kana kwamba tulikuwapo tangu jana.

Katika miji ya ng'ambo siku hizi iko mikahawa iliyofunguliwa makusudi kwa ajili ya michezo ya namna hii; mmoja unaojulikana sana, Snakes & Lattes, ulifunguliwa Toronto mwaka 2010. Mteja hulipia kukaa kwake, huchagua mchezo katika rafu, na mhudumu huja kumweleza kanuni. Siidharau mikahawa hiyo, kwani watu wa miji mikubwa nao wanahitaji mahali pa kuketi na wenzao. Walakini tofauti ya mafundisho yafaa kuangaliwa. Kule kanuni hutangulia na mchezo hufuata. Barazani mchezo hutangulia, maneno hufuatana nao, na kanuni huja mwisho, tena huja peke yake, kama mtoto anavyopata sarufi ya lugha ya mama yake. Kwa muda wa saa nzima sikuelewa chochote. Katika saa ya pili nilianza kujua ni nani anayeshinda, si kwa kuzitazama kete bali kwa kusikiliza watu.

Ndipo mwenyeji wetu alipoomba mgeni apewe nafasi. Nikaketi mbele ya kijana mmoja ambaye nadhani aliambiwa asinionee. Ilipofika zamu yangu nikauliza kwa Kiswahili changu cha ubaoni, "Samahani bwana, je, ninaruhusiwa kuchukua mbegu hizi?"

Kijana akanitazama. Mzee mmoja aliyeegemea ukuta akauliza, "Mbegu? Kwani mwalimu anakwenda shamba?" Baraza zima likacheka. Yule kijana akanihurumia, akasema, "Kete, mwalimu. Na wala huchukui, unakula. Mtaji unao, kula."

Maneno hayo matatu ya mwisho, "mtaji unao, kula", yamenifundisha zaidi ya kifungu changu chote.

Maneno ya bao

Na tuyatazame maneno yenyewe. Mwanzoni kila mchezaji ana nyumba, ndilo lile shimo la mraba, na ndani yake mna kete sita. Mashimo mawili yaliyo kuliani kwa nyumba yana kete mbili mbili. Kete 22 zilizobaki kila mmoja huzishika mkononi, azitie moja moja kwa zamu. Sehemu hii ya mchezo huitwa kunamua. Katika lugha ya kawaida kunamua ni kukitoa kitu kilichonaswa, au kutenganisha vilivyoshikamana. Kete za mkononi zikiisha, mchezo huingia katika sehemu ya mtaji. Mchezaji mwenye uwezo wa kula huambiwa ana mtaji. Asiye nao hutakata, yaani husogeza kete zake bila kula. Yuko pia awezaye kumtakasia mwenzake: humbana kwa namna ambayo mwenzake hawezi kula, wala hana ruhusa ya kuliondoa lile shimo lake moja linalotishiwa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala, na zamu imekwenda kwa mwingine. Mwenye nyumba anapofika kwake katika mwendo wa kula anaweza kutua, au anaweza kuamua kusafiri, yaani kuzichota kete za nyumba na kuendelea nazo. Na nyumba ikishasafiri haina tena heshima yake ya kwanza. Mashimo ya mwisho ya safu ya mbele ni vichwa. Na mtu akibakiwa na safu ya mbele tupu, watu husema neno moja: hamna.

Waalimu wenzangu, hapana hata istilahi moja humo iliyoundwa na kamati. Nyumba, mtaji, kusafiri, kulala, kula, kutakata, kichwa, hamna: haya ni maneno ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayajua au atayajua kabla ya mwezi kwisha. Tunahangaika kutafuta mifano ya sitiari katika mashairi magumu, na huku ipo sitiari moja ndefu iliyolazwa juu ya ubao wa safu nne. Ukiyasoma maneno hayo kwa mfululizo utaona ni habari za jamaa ya watu wa pwani: wana nyumba, wana mtaji, wapo wanaosafiri na wapo wanaotua, wapo wanaolala, na mwisho wake anayefilisika huambiwa hamna. Sisemi kwamba waliobuni bao walikusudia hadithi hii. Nasema kwamba maneno yakikaa pamoja kwa vizazi vingi katika vinywa vya watu walewale, hujenga maana ambayo mhakiki ana haki ya kuisoma.

Hapa ndipo mahali pa kulitaja kosa langu. Niliandika kwamba mshindi huzimaliza mbegu za mwenzake. Kwanza, katika bao hakuna kete inayotoka mchezoni. Kete zinazoliwa hazitiwi kikapuni. Mlaji huanza kuzitia moja moja katika mashimo ya upande wake, kuanzia kichwani. Kete 64 zilizoanza ndizo 64 zitakazomaliza. Kwa hiyo kula kwa bao si kuangamiza mali bali ni kuihamisha. Pili, aliyeshindwa huenda bado ana kete tele katika safu ya nyuma. Yule dada wa Bujumbura aliliona jambo hili kabla yangu, akamwuliza Fundi, "Babu, mbona huyu ana kete nyuma na bado mnasema hamna?"

Fundi akamjibu bila kuinua macho, "Mwanangu, mtu aliyejifungia ndani, hata barazani hawezi kutokeza, tutasema yupo?"

Jibu hilo ni kanuni, na papo hapo ni mafunzo ya maisha ya mji ule. Kifungu changu kingeweza kuwa nalo kwa gharama ya mstari mmoja. Hakikuwa nalo kwa sababu nilipokuwa nikikitunga nilikuwa nikihesabu mashimo.

Sauti za barazani

Yafaa pia kuhakiki namna maneno hayo yanavyosemwa. Barazani nilisikia sauti za namna tatu. Ya kwanza ni ya watazamaji, ambao husema yote wanayoyajua na mengi wasiyoyajua. Ya pili ni ya wachezaji, ambao husema machache lakini kila neno lao limefungamana na kete. Ya tatu ni kimya cha fundi, ambacho nacho ni usemi, kwa sababu kila anaponyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida watazamaji nao hunyamaza.

Seremala alikuwa mdogo kwa Fundi kwa miaka isiyopungua ishirini. Alipofika alimwamkia shikamoo na kumpisha upande wa kivuli. Lakini mchezo ulipochachamaa, na kete ya mwisho ya mzee ilipoangukia shimo tupu, seremala alisema, "Lala hapo, mzee wangu. Huku kwetu kumekucha." Fundi akajibu, "Kulala si kufa." Watu wakacheka. Zamu mbili baadaye mzee alikula mfululizo mpaka safu ya mbele ya seremala ikabaki na mashimo mawili tu yenye kitu, na sasa ilikuwa zamu yake kusema, "Huko kulikokucha, mmeamka na nini?" Mchezo ulipokwisha seremala akanyanyuka, akaagiza kahawa, akampa mzee kikombe kwa mkono wa kulia na kumwuliza habari za mguu wake unaouma.

Katika vitabu vyetu heshima ina sura yake na utani una sura yake. Mwanafunzi huhitimu akiamini kwamba mtu ama hustahi ama hutania. Barazani mtu mmoja alifanya yote mawili kwa mtu mmoja ndani ya nusu saa, wala hakukosea hata mara moja, kwa sababu mipaka iliwekwa na ubao. Kete zikiwa zinatembea, nyumba ya mzee ilikuwa nyumba ya mtu yeyote na iliweza kuambiwa ina njaa. Kete zikitulia, mzee alirudi kuwa mzee. Hayo ndiyo matumizi ya lugha ambayo waalimu tunayaeleza kwa shida kwa neno "rejesta", na ambayo hayafundishiki kwa maelezo matupu.

Walioandika kabla yetu

Lingekuwa kosa kusema kwamba bao halikupata waandishi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mshairi wa mwisho wa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, alitumia maneno ya bao katika ushairi wake, jambo linaloonyesha kwamba wasikilizaji wake waliyaelewa bila kuelezwa. Tungo zake tunazipata katika kitabu cha Mohamed H. Abdulaziz cha mwaka 1979. Philip Townshend aliandika mwaka 1977 juu ya michezo ya jamii hii katika Zaire ya wakati ule, Rwanda na Burundi, na mwaka 1982 akaandika juu ya bao na maadili ya Waswahili. Alexander de Voogt alichunguza umahiri wa mafundi wa bao katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995, na mwaka 2003 akaandika makala juu ya Muyaka na historia ya bao. Kwetu Uganda, M. B. Nsimbi alitoa kijitabu juu ya omweso mwaka 1968.

Kazi hizi zastahili heshima, na mwalimu atakayeziweza azisome. Hata hivyo jambo moja linanisikitisha, nalo ni aibu yetu kuliko yao. Wataalamu wa utamaduni na wa akili za watu wameliona bao kuwa kitu cha kuchunguzwa kwa miaka. Sisi waalimu wa lugha tumeliona kuwa kifungu cha dakika arobaini. Muyaka aliliona kuwa ni lugha ya kutungia. Kati ya Muyaka na mtungaji wa kifungu changu kuna umbali mkubwa, na umbali huo haukuletwa na wakati peke yake.

Sisi majirani

Msomaji aweza kuuliza: je, bao latuhusu nini sisi tusio wa pwani? Latuhusu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kwamba hatukulifikia bao mikono mitupu. Kila mwaka ninapofundisha kifungu changu, yuko mwanafunzi anayenyosha mkono na kusema, "Mwalimu, huu si omweso?" Nami kila mwaka nimemjibu, "Hapana, hili ni bao," kisha nikaendelea na swali la pili. Laiti ningenyamaza nikamwacha aseme! Omweso nao una mashimo 32 na kete 64, ziitwazo empiki. Lakini katika omweso hakuna nyumba. Kila mchezaji huzipanga kete za upande wake apendavyo kabla ya kuanza. Na mojawapo ya njia za kushinda huitwa emitwe ebiri, yaani vichwa viwili, mtu anapoziteka kete za ncha zote mbili za mwenzake kwa zamu moja. Mwanafunzi wa Buganda aliyeketi na babu yake anayo tayari yale ambayo mwalimu anadhani anampelekea. Ndivyo ilivyo kwa Mnyarwanda mwenye igisoro, Mrundi mwenye ikibuguzo na Mmalawi mwenye bawo. Linalopungua ni daraja la maneno tu. Somo lingekuwa ni kumwambia mwanafunzi: tueleze kwa Kiswahili vile babu yako achezavyo, na palipokosekana neno tutalitafuta pamoja.

Njia ya pili ni nzito zaidi. Hapa Uganda Kiswahili kilifika masikioni mwa watu wengi kwa vinywa vya askari. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo halikukiongezea mapenzi. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sipingi hatua hizi. Mimi ni mmoja wa wanaokula mkate kwa sababu yake. Lakini tukitazama vizuri tutaona kwamba lugha hii imetujia kwa amri, kisha kwa amri, kisha kwa amri. Watoto wengi wa wazazi wa umri wangu walirithi kutoka nyumbani maneno kama simama, lete, toa, haraka. Hayo ni maneno ya mtu anayesema na asiyeruhusiwa kujibu.

Barazani nilisikia Kiswahili ambacho kila neno lake linangoja jibu. "Lala hapo" kwa umbo lake la sarufi ni amri, sawasawa na "simama hapo". Tofauti yake ni kwamba aliyeambiwa "lala hapo" alijibu "kulala si kufa", na watu wakafurahi. Ikiwa wanafunzi wetu hawatapata mahali ambapo wanaweza kushindwa kwa Kiswahili na wakacheka, au kushinda kwa Kiswahili na wakaringa kidogo, watafaulu mitihani na kukiacha mlangoni wanapotoka. Hilo ndilo ninaloliogopa, wala silioni kuwa dogo.

Ila za baraza

Mhakiki asiyetaja ila za kazi aipendayo ni mpigadebe, kwa hiyo na tuzitaje.

Baraza tuliyoketi ilikuwa ya wanaume. Yule dada aliletewa kiti badala ya kuketi kibarazani, akapewa kahawa kabla yetu sote, na maswali yake yakajibiwa kwa upole. Lakini mwenyeji wetu aliposema kwamba dada naye anajua kucheza, na kweli anajua, alijifunza kwa kaka zake, mtu mmoja alisema tu, "Mwongezeeni dada kahawa," na ubao ukapelekwa kwangu. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Jioni tulipokuwa tukirudi alituambia, "Kaka, Kiswahili changu nimezaliwa nacho, chako kimetoka kwenye cheti. Lakini wewe ndiye uliyepewa kete." Mimi na mwenzangu hatukuwa na la kujibu, na mpaka leo sina. Naliandika hapa ili mwalimu yeyote atakayelipeleka bao darasani ajue kwamba akiliiga baraza kama lilivyo, nusu ya darasa lake itabaki ikinywa kahawa.

Ila ya pili ni kicheko. Mimi ni mtu mzima, na nilipoulizwa kama nakwenda shamba nilicheka pamoja na wengine. Mtoto wa miaka kumi na mitatu akichekwa hivyo mbele ya wenzake huenda asifungue kinywa tena muhula mzima. Utani wa barazani ni dawa kali, hupimwa.

Ila ya tatu ni ya kwetu sisi wageni, nayo ni kupenda kupita kiasi. Mtu akiketi alasiri moja kwenye baraza hurudi kwao akidhani ameiona pwani nzima. Mimi niliona watu tisa, ubao mmoja na dele moja la kahawa. Watu wa hapo hapo wasiojua hata jina la shimo moja wapo wengi, na Kiswahili chao hakina upungufu kwa sababu hiyo. Bao ni mlango mmoja katika nyumba yenye milango mingi.

Darasani

Niliporudi Kampala nilikifuta kile kifungu. Badala yake niliwatoa wanafunzi nje, wakachimba safu nne za mashimo katika udongo nyuma ya darasa, mbao tano kwa darasa zima, na kila kundi likaokota vijiwe 64. Tulianza na bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete mbili na hakuna za kushika mkononi, kwa kuwa bao kubwa linataka miezi. Niliandika maneno kumi tu: kete, shimo, kichwa, nyumba, mtaji, kula, kutakata, kulala, kusafiri, hamna. Nyumba na kusafiri tuliyaeleza tu, tukayaweka akiba mpaka siku ya bao kubwa. Sharti lilikuwa moja, kwamba kete isiguswe kabla mchezaji hajasema analolifanya. Kila ubao ulikuwa na msichana na mvulana, na watazamaji waliruhusiwa kusema lolote ila matusi. Waliotaka kueleza tofauti ya bao na omweso walipewa nafasi mwishoni, na siku ya kwanza nafasi hiyo haikutosha.

Sitaki kutia chumvi matokeo yake. Kelele zilikuwa nyingi, mwalimu wa darasa la pili alikuja kulalamika, na makosa ya ngeli yalikuwa ya kutisha: "shimo yangu", "kete langu", na mengine ambayo ningeyapiga mstari mwekundu kama yangekuwa kwenye karatasi. Baadhi ya wavulana walirudia lugha nyingine kila nilipogeuka. Jambo moja tu ndilo lililonipa moyo. Katika wiki ya tatu niliketi kucheza na msichana mmoja ambaye tangu mwanzo wa mwaka alikuwa akijibu maswali yangu kwa neno moja moja. Nilikuwa nikiutazama ubao kwa muda mrefu, nikitafuta njia. Akaniambia, taratibu na kwa heshima zote, "Mwalimu, huna mtaji. Takata."

Alikuwa amesema kweli. Sikuwa na mtaji, nikatakata. Na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniambia jambo kwa Kiswahili ambalo mimi sikumwuliza.

Nawaomba wenzangu wa chama walifanye jambo moja kabla ya toleo lijalo. Kila mmoja katika mahali pake, iwe Gulu, Kigali, Gitega, Lubumbashi au Kigoma, aketi na wachezaji wa huko, wa bao, wa omweso, wa igisoro, au wa mchezo wowote wa ubao, wanaume kwa wanawake, aandike maneno wanayoyasema wanapocheza, kisha atuletee. Tusiandike idadi ya mashimo, hiyo tunayo. Tuandike mtu anasema nini anapokula, anasema nini anapolala, na mwenzake anamjibu nini.